Koti la Mazoezi Katika Judo na Mieleka: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Nyanda za Juu Kusini

Maswali haya yametoka kwa vijana, wazazi na walimu wa michezo wa Mbeya, Iringa na Njombe wanaofanya judo, jujitsu ya Brazil au mieleka ya kawaida. Karibu yote yanahusu lile koti zito la pamba linalofungwa kwa mkanda: je, linaleta haki katika pambano au linaiharibu, na je, linaongeza raha ya mchezo au linaipunguza? Msimamo wangu nautaja mapema ili msomaji aupime anapoendelea kusoma. Koti lenyewe halimpendelei mtu yeyote. Kinachopendelea ni tofauti iliyopo kati ya koti la mchezaji mmoja na koti la mwenzake, na tofauti hiyo inaweza kuondolewa hata na klabu isiyo na fedha.

Koti linabadilisha nini hasa katika pambano?

Kwanza linabadilisha mahali pa kushika. Asiyevaa koti hushikwa shingo, kiwiko, kifundo cha mkono au kiuno, na ngozi ikishaloa jasho sehemu hizo zote huteleza. Aliyevaa koti amebeba mishiko mwilini mwake mwenyewe: kola pande mbili, mikono ya koti, mgongo, na mkanda. Mpinzani akiikamata kola kwa mkono mmoja na mkono wa koti kwa mwingine, anaweza kumvuta, kumyumbisha, kumpiga ngwala au kumbeba begani na kumbwaga chali bila kulazimika kumkumbatia.

Badiliko la pili ni msuguano. Pamba inaposuguana na pamba, mtu aliyebanwa chini hachomoki kirahisi, na mkono uliokwisha kunaswa hubaki umenaswa. Kwa sababu hiyo pambano la makoti huenda polepole zaidi, na mwenye kosa dogo hulipa kosa hilo kwa muda mrefu. La tatu ni kabali, kwa kuwa kola ya koti inaweza kuzungushwa shingoni na kukaza mishipa ya damu pande zote mbili, jambo ambalo kwenye pambano lisilo na koti hufanywa kwa mikono au miguu tu.

Jigoro Kano, aliyeanzisha judo mjini Tokyo mwaka 1882, alilichukulia koti kuwa sehemu ya mafunzo yenyewe. Makoti ya mwanzo yalikuwa na mikono mifupi, na baadaye mikono hiyo ikarefushwa hadi karibu na vifundo, hatua iliyozilinda ngozi za viwiko na wakati huohuo ikafungua mbinu nyingi zinazotegemea kumshika mpinzani mkono wa koti.

Je, koti humsaidia mwenye nguvu au mwenye ufundi?

Humsaidia mwenye subira, na mara nyingi huyo ndiye mwenye ufundi. Kijana mwepesi wa kilo 60 akikutana bila koti na mwenye kilo 75 aliyezoea kubeba magunia ya viazi, atateleza na kukimbia, lakini atapata shida kumwangusha kwa sababu hana pa kumkamatia. Akipata kola na mkono wa koti, uzito wa yule mkubwa unaweza kugeuzwa dhidi yake mwenyewe, kwani anaposonga mbele huvutwa mbele zaidi.

Hata hivyo, si kweli kwamba koti hufuta nguvu. Nguvu ya vidole na ya sehemu ya chini ya mkono huwa na thamani kubwa sana, na mtu mwenye mshiko wa chuma atamtawala mwenye mbinu nzuri asiyeweza kuung'oa mshiko huo. Vijana wa mashambani waliokua wakishika jembe na kupasua kuni hufika mazoezini wakiwa na mshiko ambao vijana wa mjini huutafuta kwa miezi mingi, na sioni kwamba kuna dhuluma yoyote hapo, kwa kuwa ni nguvu waliyoitolea jasho.

Kama ni hivyo, kwa nini watu hulalamika kwamba koti si haki?

Kwa sababu makoti hayafanani, na kila tofauti ina faida yake. Koti lenye mikono iliyobana humnyima mpinzani kitambaa cha kukamata. Koti lililosinyaa baada ya kufuliwa kwa maji ya moto huacha vifundo wazi, na mkono wa koti unaoishia katikati ya kiwiko na kiganja ni vigumu kuushika kwa uhakika. Kola nene na ngumu haikunjiki ndani ya ngumi. Koti jipya lililokakamaa huwachosha vidole wanaolishika, ilhali koti kuukuu lililolainika hujaa mkononi vizuri, na anayelivaa ndiye anayeumia. Mkanda uliofungwa kwa kulegea huliacha koti litoke nje, likavuliwa nusu, na mshiko wa mpinzani ukapotea katikati ya shambulio lake.

Shirikisho la Kimataifa la Judo limeyaandikia mambo haya kanuni za vipimo, na kabla ya pambano kila mchezaji hukaguliwa kwa kifaa maalumu. Mikono ya koti inyooshwapo mbele lazima ifunike hadi kifundo, na iwe na nafasi ya sentimita 10 hadi 15 kati ya kitambaa na mkono wa mchezaji. Koti lifunike makalio. Kola isizidi unene wa sentimita 1, na pande mbili za koti zipishane kifuani kwa angalau sentimita 20. Mkanda uwe na upana wa sentimita 4 hadi 5, na ncha zake zining'inie sentimita 20 hadi 30 kutoka kwenye fundo. Anayechomoa koti lake kwa makusudi ili kuvunja mshiko au kupoteza muda huadhibiwa.

Upande wa jujitsu ya Brazil vipimo ni tofauti kidogo, lakini nia ni ileile: mpinzani wako apate kitambaa cha kukamata sawasawa na unachokipata wewe kwake.

Kijana anayetamani kufika alikofika Andrew Thomas Mlugu, aliyeiwakilisha Tanzania katika judo ya kilo 73 kwenye Olimpiki ya Paris mwaka 2024, ni vizuri azoee kukaguliwa koti tangu akiwa klabuni, kuliko kukutana na ukaguzi kwa mara ya kwanza siku ya mashindano.

Hatuna kifaa cha kupimia. Tufanyeje?

Rula ya shule ya sentimita 30 inatosha. Mchezaji anyooshe mikono mbele usawa wa mabega. Mwamuzi aangalie kama kitambaa kimefika kwenye kifundo, kisha akivute chini taratibu na kupima nafasi. Kwa kola, bana pande zake mbili na usome unene. Kazi yote haichukui hata dakika mbili kwa kila mchezaji. Ifanywe mbele ya wote, na ifanywe na mtu asiyetoka katika klabu ya yeyote kati ya wanaoshindana, kwa maana ukaguzi uliofanyika chumbani hauondoi manung'uniko hata ukiwa sahihi.

Klabu yetu ina makoti mawili mazuri, na mengine yote ni ya mitumba. Je, tunaweza kuendesha mashindano ya haki?

Mnaweza, na swali hili ndilo linalostahili muda mwingi kuliko yote, kwa kuwa ndiyo hali halisi ya klabu nyingi huku kwetu. Makoti ya judo na ya karate huonekana mara kwa mara katika marobota ya mitumba Mwanjelwa na masoko mengine, yakiwa ya saizi yoyote iliyotokea. Hapa pana tahadhari: koti la karate ni jepesi, limeshonwa kwa ajili ya kupiga ngumi na mateke, na likivutwa kwa nguvu ya judo huchanika makwapani au mabegani ndani ya siku chache. Koti la judo hutambulika kwa kitambaa chake kizito kilichofumwa kwa vinundu vidogo kama punje za mchele, na kwa mishono ya ziada mabegani na kwenye kola.

Utaratibu wa kwanza ninaoupendekeza ni makoti ya mashindano kuwa mali ya klabu, si ya mtu. Makoti mawili mazuri yanayokaribiana yawekwe kando ya mkeka. Kila pambano linapoanza wachezaji wawili huyavaa, na wakimaliza huyavua na kuwakabidhi wanaofuata. Ndani yake kila mmoja avae fulana yake safi. Ni kweli kwamba saizi haitamkaa kila mtu sawasawa, lakini kasoro hiyo inawapata wote.

Utaratibu wa pili unafaa pale makoti yanapotofautiana sana. Pambano ligawanywe vipindi viwili, na katikati wachezaji wabadilishane makoti. Aliyeteseka na kola laini katika kipindi cha kwanza ataifaidi katika kipindi cha pili. Nani aanze na koti lipi liamuliwe kwa kurusha sarafu mbele ya wote wawili. Utaratibu huu una gharama, kwani kubadilishana huchukua muda na miili hupoa, hasa kwenye baridi ya Juni na Julai, lakini nimeona kwamba huondoa ubishi karibu wote, kwa sababu hakuna anayeweza kusema amefungwa na koti la mwenzake.

Wa tatu ni kuyavua makoti yote. Ikiwa mmoja ana koti zuri na mwingine ana shati tu, wote washindane kwa fulana na kaptula, bila kushika nguo. Kumwambia asiye na koti aazime lolote lililopo ilhali mwenye uwezo amevaa lake jipya lililopimwa mwilini ni kuamua pambano kabla ya kengele. Ninasema hivi kwa uzito kwa sababu anayeumizwa na uamuzi huo mara nyingi ni kijana wa familia isiyo na uwezo, naye haondoki akiwa amejifunza judo. Anaondoka akiamini kwamba mchezo huu ni wa wenye fedha.

Je, fundi cherehani anaweza kutushonea makoti?

Anaweza, na ukimpelekea koti zuri la mfano kazi itakuwa nzuri zaidi. Atumie pamba nzito isiyo na mchanganyiko wa nailoni. Turubai ya pamba isiyopakwa kitu chochote inafaa, na khaki nene inafaa kwa mazoezi mepesi. Kitambaa kifuliwe na kukaushwa kabla ya kukatwa, la sivyo koti litasinyaa baada ya kufuliwa mara ya kwanza na vipimo vyote vitapotea. Mabega na makwapa yawekewe kitambaa mara mbili. Kola ijengwe kwa tabaka kadhaa zilizopigwa mistari ya mshono kwa urefu wake wote, ili isijikunje wala isichanike. Kusiwe na mifuko, vifungo wala zipu. Na, kwa ajili ya haki, agizeni makoti kwa jozi kutoka kipande kimoja cha kitambaa, kwa sababu koti moja zuri peke yake linaleta tatizo lilelile tulilotaka kuliondoa.

Wazo la makoti ya aina moja yaliyoshonwa kwa kitambaa cha kazi si geni duniani. Katika mieleka ya Cornwall, huko Uingereza, wachezaji huvaa makoti ya turubai yaliyolegea, na hairuhusiwi kushika chini ya kiuno. Katika sambo, mchezo uliotambuliwa rasmi katika Umoja wa Kisovieti mwaka 1938, mkanda hupita katika matundu yaliyo ubavuni mwa koti ili lisitoke nje wakati wa pambano. Fundi wa Mbeya au Mafinga anaweza kuweka matundu hayo bila shida yoyote.

Je, jaketi la jinzi au koti la baridi linaweza kutumika?

Hapana. Vifungo vya chuma na zipu hukata ngozi na hunasa vidole, na kidole kilichonaswa wakati mtu mzima anaanguka huvunjika. Koti la nailoni huteleza, kwa hiyo hata mishiko yenyewe haiji.

Watazamaji husema mapambano ya makoti yanachosha kwa sababu wachezaji hushikana tu. Wana haki?

Wana haki mara nyingine. Wachezaji wawili wenye mishiko mizuri na moyo wa woga wanaweza kusimama wakivutana mikono ya makoti dakika nzima bila yeyote kushambulia, na pambano la namna hiyo haliwafurahishi waliomo wala walioko nje. Sheria za judo zimejaribu kuliondoa tatizo hili. Anayekwepa kushambulia, anayekataa kushikwa, au anayeingiza vidole ndani ya mdomo wa mkono wa koti la mpinzani hupewa adhabu, na adhabu ya tatu humtoa. Pambano la wakubwa lina dakika 4, na kuanzia mwaka 2010 kushika miguu kulianza kukatazwa ili wachezaji wasimame wima na kurushana kwa mbinu kubwa. Kanuni hiyo ya mwisho bado inabishaniwa na wengi, nami nadhani katika mieleka ya kirafiki kati ya vijana hakuna haja ya kuifuata.

Kwa upande mwingine, raha ya koti haionekani yote kwa anayetazama kwa mbali. Anayecheza hugundua kwamba mbinu moja ina milango mingi: kola ya kulia ikikatazwa kuna ya kushoto, mpinzani akivuta anasukumwa, akisukuma anavutwa. Mtoto mwepesi ambaye bila koti angelaliwa na mkubwa hadi mwisho wa muda, akiwa na koti huwa na njia kadhaa za kushinda, na mtoto mwenye njia za kushinda hurudi mazoezini wiki inayofuata. Ndiyo maana wanaoanza ninawapa koti kwanza, na baadaye kidogo nawaongezea mieleka isiyo na koti ili wajifunze kasi.

Kwa mashindano ya klabu, sheria moja fupi inatosha kurudisha uchangamfu: mwenye mshiko kamili ashambulie ndani ya muda ambao mwamuzi ataona unatosha, la sivyo mshiko uvunjwe na waanze upya katikati.

Je, rangi ya koti humpa mtu faida?

Koti la buluu liliidhinishwa kwa mashindano ya kimataifa ya judo mwaka 1997 ili mwamuzi na watazamaji wawatofautishe wachezaji kwa urahisi. Mwaka 2005 watafiti walichapisha katika jarida la Nature kwamba kwenye Olimpiki ya Athens ya mwaka 2004 waliovaa buluu walishinda zaidi kuliko waliovaa nyeupe. Mwaka 2008 watafiti wengine, Dijkstra na Preenen, walichunguza mashindano mengi zaidi na hawakuona faida yoyote ya rangi. Walieleza kwamba tofauti ya awali ilitokana na mambo kama upangaji wa wachezaji na muda wa kupumzika kati ya mapambano. Kwa hiyo msigombanie rangi. Mkiwa na makoti meupe tu, mmoja afunge kitambaa chekundu juu ya mkanda. Muda wa kupumzika ndio uangaliwe kwa makini zaidi.

Wakati wa kupima uzito, mchezaji avae koti au avue?

Desturi zinatofautiana. Katika mashindano ya shirikisho kubwa la jujitsu ya Brazil mchezaji hupimwa akiwa na koti, na mipaka imewekwa kwa kuzingatia hilo: uzani mwepesi wa wanaume ni kilo 76 kwa mashindano ya makoti na kilo 73.5 kwa yasiyo na makoti. Katika judo hupimwa bila koti. Kwa klabu zetu, ambako koti moja ni zito na jingine ni jepesi, kupima bila koti ndiko kunakotenda haki.

Je, baridi na mwinuko wa huku vina uhusiano na koti?

Vina uhusiano mkubwa. Mji wa Mbeya uko kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari, na Njombe iko juu zaidi. Katika miezi ya baridi koti huhifadhi joto la misuli na kupunguza majeraha ya mwanzoni. Ukishuka Kyela, kando ya Ziwa Nyasa, koti lilelile huwa mzigo: mchezaji hupoteza maji mengi, na yule aliyetoka Makete kwenye baridi asubuhi huishiwa nguvu mapema kuliko mwenyeji. Mashindano ya Kyela yafanyike asubuhi au jioni, na kati ya mapambano watu waruhusiwe kuvua makoti na kunywa maji. Vivyo hivyo, timu inayotoka pwani kupanda huku ipewe nafasi ya kufika mapema, kwa kuwa hewa nyepesi huwachosha zaidi wanaposhindana mshiko kwa mshiko.

Usafi wa koti unahusianaje na haki?

Koti linalonuka humfanya mpinzani aogope kukaribia, na koti lenye fangasi humwachia choa shingoni na mikononi, akakosa mazoezi kwa majuma. Huyo ameadhibiwa bila kosa. Mwamuzi awe na mamlaka ya kumzuia mchezaji mwenye koti chafu au lenye damu mpaka abadilishe. Fueni kwa maji baridi na sabuni kila baada ya mazoezi, mkianika likiwa limegeuzwa ndani nje. Tukuyu na Rungwe kwa jumla, ambako mvua hunyesha sehemu kubwa ya mwaka na pamba nzito inaweza kukaa siku mbili bila kukauka, litundikeni chini ya paa penye upepo, wala msilikunje likiwa bichi kwa sababu litaota ukungu. Koti bichi lisikubaliwe mkekani, kwani ni zito na gumu kushika. Vilevile kucha zikatwe.

Je, watoto waruhusiwe kabali ya kola?

Kwa watoto wa shule ya msingi jibu langu ni hapana. Kabali iliyokaa vizuri inaweza kumzimisha mtu fahamu ndani ya sekunde chache, na mtoto mara nyingi huona aibu kugonga mkeka kuashiria kwamba ameshindwa. Waachiwe kurusha na kubana chini, mambo ambayo yana raha ya kutosha. Vijana wakubwa wafundishwe kwanza kugonga na kuachia, ndipo wafundishwe kukaba, na mwamuzi asimame upande anaouona uso wa anayekabwa.

Tunataka kushindanisha mwanajudo na kijana wa mieleka ambaye hajawahi kuvaa koti. Tupangeje?

Fanyeni raundi mbili, moja kwa makoti na nyingine bila makoti, kila moja ikiwa na dakika zilezile na pointi zilezile. Kijana wa mieleka apewe koti angalau mazoezi kadhaa kabla ya siku yenyewe, akifundishwa kuvunja mshiko na kugonga anapokabwa, kwa sababu kumwingiza mkekani bila kujua kola inaweza kumfanya nini ni hatari kwake na hakumpi mwenzake ushindi wa maana. Mwanajudo naye ajulishwe mapema kwamba raundi ya pili inaruhusu kushika miguu. Kwa kuwa mara nyingi kila mmoja hushinda raundi yake, sarafu irushwe kabla ya raundi ya kwanza kuanza ili kuamua raundi ya tatu, ikihitajika, iwe ya namna gani, na matokeo ya sarafu yaandikwe palepale, wakati ambapo hakuna anayejua bado kama yatamfaa au la.